Kiingereza cha Chumba cha Kufulia

Ninyi vijana mliobaki kwenye chumba cha kufulia, na ninyi wa wodini mnaobeba machela huku mkicheka: siku mliponiaga mlinikatia keki, mkanifunga kitenge juu ya nguo, kisha mmoja wenu akauliza mbele ya wageni, "Ata, hicho Kiingereza chako ulikitoa wapi?" Mdomo wangu ulikuwa umejaa keki, na ata, yaani nyanya, mwenye adabu hajibu akiwa na chakula mdomoni. Sasa nimemeza. Nawajibu.

Nilikitoa kwenye nyimbo za mapenzi.

Chekeni mmalize, nitangoja. Shule niliiacha darasa la tatu, ukame ulipomaliza mbuzi wetu na mama akasema mwalimu halishi mtu. Kwa hiyo hapa msitafute maneno makubwa. Vyeo sikupata, na mshahara wangu mnaujua kwa kuwa ndio mnaoupokea sasa. Nitawaambia kazi tu. Nitawaambia habari za Achol aliyenifundisha, na za mzee Apaloreng, ambaye mguu wake ulikuwa unamuua na yeye hataki ukatwe. Mwenye haraka aende. Mashuka ya wodi ya akina mama hayajifui.

Kazi niliianzia Lodwar, hospitalini, wengi wenu hamjazaliwa. Siku ya kwanza muuguzi mkuu alitusimamisha mstari mmoja, akazungumza Kiingereza kirefu huku akituangalia mmoja mmoja. Wenzangu walikuwa wakitikisa kichwa kukataa. Mimi nilijua neno moja, "yes", na niliona ni vizuri kulitumia. Nikasema yes. Akauliza tena, nikasema yes kwa sauti zaidi. Ndivyo nilivyokubali kufua mashuka ya chumba cha maiti, kazi ambayo mstari wote ulikuwa umeikataa. Nikajifunza kwamba katika lugha usiyoijua kuna kazi imejificha, inakungoja.

Aliyenionyesha kazi yenyewe alikuwa mama mmoja mfupi kutoka Kalokol, kule ziwani, aliyenukia samaki hata Jumapili. Alinikuta nimemwaga maji ya moto kwenye shuka lenye damu. Hakupiga kelele. Alinishika mkono, akautumbukiza mpaka kiwiko kwenye pipa la maji baridi, akaniacha hapo mpaka nikaelewa. "Damu ni mgeni mwenye hasira," akasema. "Mpe maji baridi kwanza. Ukimpa moto, anahamia." Siku hizi mna mashine inayozunguka na taa ya kijani, lakini nimewaona mkitia mashuka ya damu kwenye maji moto. Mashine haina mama wa Kalokol. Hilo nimelisema mara nyingi, nalisema tena.

Mume wangu alipofariki nilihamia Kakuma, kwa dada yangu, nikapata kazi ya kufua kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi. Chumba chenyewe mnakijua: kuta za mabati, karai nane, sufuria kubwa ya kuchemshia, pasi mbili za makaa, na uwanja wa nyuma wenye kamba za kuanikia. Siku niliyofika nilimkuta mwanamke mrefu sana amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ana michoro ya jadi kwenye paji la uso, na mapajani amepakata kitu kilichofungwa kwa khanga. Nilidhani ni mtoto. Ilikuwa redio ya kaseti.

Huyo ndiye Achol. Alitoka Sudan Kusini, Mdinka, mtu wa kanisa, mama wa watoto wanne. Alijua Kidinka, Kiarabu cha Juba, na Kiingereza cha shule ya misheni. Kiswahili hakujua. Mimi nilijua Kiturkana, Kiswahili, na yes. Tulielekezana kwa vidole wiki nzima kama mabubu wawili wanaogombania sabuni. Kisha Achol akachoka. Akafungua khanga, akabonyeza redio, akanyoosha kidole kwenye spika, halafu kwenye kifua changu. Maana yake: haya, ingia darasani.

Kaseti alikuwa amezikuta kwenye droo ya muuguzi mmoja mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Zote zilikuwa za mapenzi, mapenzi yenyewe ya kuachwa. Nadhani yule muuguzi alikuwa na shida zake.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: shuka moja, wimbo mmoja. Ukianza kusugua, wimbo unaanza, ukisuuza, tunaurudia, ukikamua, unausema peke yako bila redio. Ukikosea, shuka linarudi karaini. Ili tusimalize betri, Achol alirudisha kaseti nyuma kwa kalamu, akiizungusha hewani kama mtu anayefukuza nzi. Mashuka ya zahanati hayajawahi kuwa meupe kama miaka ile, kwa sababu mimi nilikuwa nakosea sana.

Sasa niwaambie kosa letu kubwa, ambalo mtu wa Nairobi hawezi kulikosea.

Kwetu mwanamume huwa na maksai wake wa kuimbiwa. Anampinda pembe, moja mbele moja nyuma, anamvalisha kengele, na yeye mwenyewe anachukua jina la ng'ombe huyo. Akicheza ngoma huinua mikono juu kama pembe zake. Akimwimbia, machozi humtoka mbele ya watu, na hakuna anayemcheka. Kwa Wadinka ni hivyohivyo. Kwa hiyo mimi na Achol tulipomsikia mwanamume wa kwenye kaseti akilia kwamba macho yako yanang'aa, mwendo wako hauna mfano, umeniacha na sitalala mpaka urudi, hatukuulizana. Tulijua. Huyu analilia maksai wake, ameibiwa na wavamizi.

"Ni mwekundu," nikasema, kwa vidole na Kiingereza chetu cha kaseti.

"Ni mweupe wenye madoa meusi," akasema Achol. "Sikia anavyolia. Kwa mwekundu mtu halii hivyo."

"Kwenu labda. Na walioiba ni watu wako."

"Watu wangu? Ni wako! Turkana wote ni wezi, wewe tu nimekusamehe."

Katika wimbo wa pili mvua ilikuwa inanyesha nje, na mwimbaji bado analia. Hapo hata Achol alishindwa. Tulikaa na povu mikononi tukimshangaa. Mvua inanyesha, majani yanaota, na wewe unalia! Mtu asiyeshukuru kabisa. Nilimwombea.

Aliyetuvunjia raha alikuwa Barasa wa stoo, Mluhya mmoja mnene, mpole, aliyekuja kuhesabu ndoo akatukuta tunabishana kuhusu pembe. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kwenye sakafu yenye maji kwa kicheko.

"Mama Nakiru, huyo analilia mwanamke!"

"Mwanamke gani?"

"Mpenzi wake. Amemwacha, ameenda na mwingine."

Nikamtafsiria Achol kwa vidole na maneno machache niliyokuwa nayo. Achol akaacha kusugua. "Mwanamke mmoja?" akauliza. "Kaseti yote?" Barasa akasema ndiyo, kaseti zote. Achol akatikisa kichwa, akarudi kwenye karai. "Hata kama," akasema. "Wimbo wenyewe ni wa ng'ombe."

Tuliendelea kujifunza vilevile, tukijua ni wanawake lakini moyoni tukiona pembe.

Mnaniuliza sarufi. Sarufi ipo yote humo. Wakati uliopita niliufundishwa na mtu aliyeachwa: ulinipenda, uliniahidi, ulikuwa wangu. Wakati ujao niliufundishwa na mtu anayebembeleza: nitangoja, nitabadilika, nitakuja hata kwa miguu. Wakati uliopo ni wa kulia tu. Masharti pia yamo, tena mengi: ungerudi ningefanya hivi, ningejua nisingesema vile. Kuamrisha niliweza mapema: kaa, shika, njoo, ngoja, usiende. Kasoro moja tu. Hakuna mwimbaji hata mmoja aliyewahi kutaja ndoo. Niliweza kumsihi mwanamume asivunje moyo wangu kwa njia kumi na mbili, lakini sikuweza kuomba brashi. Wageni walipokuja kukagua zahanati, Barasa akiwa amesimama nao, na sabuni imetuishia, nilikwenda mbele yao nikasema kwa Kiingereza safi kwamba bila sabuni siwezi kuishi, na usiku na mchana naiwaza. Wageni wakamgeukia Barasa. Barasa akafungua stoo. "Uishi, mama," akasema. "Chukua katoni."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa Kiingereza. Sasa nifike kwa mzee.

Apaloreng aliletwa kwa pikipiki kutoka upande wa Kalobeyei, amebanwa katikati ya dereva na mwanawe Ekal. Apaloreng maana yake ni baba wa yule mwekundu. Ni jina la maksai, kama nilivyowaambia. Mwiba wa mgunga ulikuwa umemchoma unyayoni, akauchomoa kwa kisu, akaendelea kuchunga. Alipofika kwetu mguu ulikuwa mweusi mpaka juu ya kifundo, na harufu yake ilitangulia kuingia wodini kabla yake. Mzee mwenyewe alikaa wima kitandani, kigoda chake cha mbao kimeshikwa mkononi, kama aliyekuja kuhukumu kesi.

Daktari wetu wakati huo alikuwa Dawit, Mhabeshi, kijana mwenye miwani, mikono yake myepesi kuliko ya wengi niliowaona. Kiswahili hakijui, Kiturkana ndiyo kabisa. Mkalimani wa wodi, kijana mzuri, alikuwa Lodwar kumzika shangazi yake. Basi Daktari akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, akasimama kati ya mashuka.

"Ni kweli Mama Nakiru anaongea Kiingereza?"

Achol hakunipa nafasi. "Anaongea vizuri sana," akasema. "Hasa akiachwa."

Nilikausha mikono, nikaenda. Daktari alichora kwa kalamu kwenye suruali yake mwenyewe nione. Sumu leo iko hapa. Kesho jioni itakuwa hapa, juu ya goti. Ikifika hapo hakuna kisu wala dawa, mzee atakufa. Akikatwa kabla ya hapo, ataishi. Niliyasema hayo kwa Kiturkana mara mbili, polepole, na mzee alinisikiliza bila kupepesa macho.

"Hapana," akasema.

"Mzee, utakufa."

"Nimekusikia, binti. Mimi si kiziwi, ni mguu unaoumwa."

Ekal alikuwa amesimama karibu na dirisha, macho mekundu. "Mama, mwache," akaniambia. "Amekataa tangu nyumbani. Akisema hapana, hata mvua haimbadilishi."

Nikamgeukia Daktari. Nikamwambia anasema hapana. Daktari akauliza kwa nini, nikauliza kwa nini, na mzee akajigeuza akatazama ukuta. Basi. Daktari aliinama kidogo, kama mtu aliyepigwa, akaanza kutoka. Alikuwa mlangoni mzee alipoanza kuimba. Aliimba chini, kwa pua, kama wanavyoimba wakiwa peke yao malishoni.

Daktari akasimama. Angeweza kwenda, wagonjwa walikuwa wengi nje. Akarudi. "Mama, anaimba nini?"

Hapo, vijana, niliogopa. Mfupa, usaha, ganzi, hayo sikuwa nayo kwa Kiingereza. Kwa mguu nilikuwa bubu. Lakini haya aliyokuwa akiimba mzee nilikuwa nimeyasugua, nimeyasuuza na kuyakamua miaka mingapi? Nikafungua mdomo, yakatoka.

Nikasema: anasema, wewe wangu, ukisikia hatua zangu unageuka. Hata kwenye giza unanijua kwa hatua. Wakinikata mguu, nitakuja kwako kwa hatua za mtu mwingine. Utaniangalia kama mgeni. Utamfuata mwenye miguu miwili, na mimi nitakuwa hai, nikitazama mgongo wako unavyokwenda. Bora nife leo ungali unanijua.

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Ni nani huyu anayemwimbia? Mkewe?"

"Maksai wake, Daktari. Ng'ombe. Mwekundu."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alivuta kiti, akakaa. Akaniambia kwao ng'ombe analima, na maksai wa baba yake alipovunjika shingo shambani, baba alilala nje naye mpaka asubuhi, na tangu hapo hakuwahi kumpa maksai mwingine jina. Kisha akasema, "Muulize, tukimleta huyo maksai hapa, amwone, atatupa jibu?"

Nilimwuliza. Mzee alijibu akiwa bado ametazama ukuta. "Akinijua nikiwa nimekaa, bila hatua, kateni. Asiponijua, nirudisheni nyumbani, na mtu asiniguse tena."

Mimi sikupenda. Nilimtafsiria Daktari neno kwa neno kwa sababu hiyo ndiyo kazi, lakini niliporudi kufua nilimwambia Achol ni upumbavu kumwachia ng'ombe maisha ya mtu. Ng'ombe ambaye hajui hata kutofautisha majani na mfuko wa plastiki! Achol alikuwa anakamua shuka. "Ng'ombe wa kwetu angejua," akasema. Nikamwambia ng'ombe wa kwao ndio wale waliokuwa wetu. Hatukuzungumza tena mpaka jioni, isipokuwa kuhusu sabuni.

Asubuhi iliyofuata kelele zilianzia langoni. Askari wa zamu alikuwa amesimama katikati ya njia, rungu mkononi. Mbele yake Ekal, aliyetembea usiku kucha kutoka Kalobeyei, vumbi mpaka kwenye kope, na nyuma ya Ekal mnyama. Nawaambia ukweli, alikuwa mzuri. Mwekundu kama udongo wa mfinyanzi, nundu imesimama, pembe moja mbele moja nyuma, kengele shingoni.

"Hii ng'ombe inaenda wapi?"

"Kuona mgonjwa."

"Saa ya kuona mgonjwa ni saa sita. Na iko na kadi?"

"Kadi yake ni hiyo sikio," akasema Ekal. "Imekatwa alama ya baba. Soma."

Askari aliinama kweli akasoma sikio. Daktari alipofika mbio, koti halijafungwa, askari akamwambia kwa heshima kwamba mgeni huyu kitambulisho kiko sawa, ila hajanawa miguu.

Mahali pekee palipokuwa na nafasi ni uwanja wetu wa kuanikia. Mashuka ya asubuhi yalikuwa tayari kwenye kamba, yanadondosha maji. Barasa alikuja na kikombe chake cha chai. Wauguzi wawili wakasimama ukutani. Mzee Apaloreng alitolewa kwa kiti cha magurudumu, kitu ambacho hakuwahi kukikalia, na Achol ndiye aliyekisukuma. Mzee alikuwa na homa, midomo imekauka. Aliomba kiti kisimamishwe mbali, jua likiwa nyuma yake, ili maksai asimtambue kwa sura. Alitaka mtihani wa haki, mzee yule. Nilimkasirikia.

Akaimba.

Maksai alinusa hewa. Akapiga hatua mbili, kengele ikalia. Kisha akageukia kamba, akashika pembe ya shuka la Achol kwa ulimi, akaanza kutafuna.

"Wewe! Shetani! Toka!" Achol aliruka mbele, nikamshika nguo.

Mzee aliimba tena, kwa nguvu zaidi, jina lake, rangi yake, mto waliovuka pamoja. Shuka liliendelea kuingia mdomoni kidogo kidogo, kama mtu anayekula ugali bila haraka. Ekal alitazama chini. Daktari alinitazama mimi, na mimi sikuwa na la kutafsiri. Barasa aliweka kikombe chini. Mzee aliimba mpaka sauti ikakatika. Akakohoa, akainamisha kichwa, akanyamaza. Niliona mkono wake unatafuta gurudumu ili kiti kigeuzwe, arudishwe nyumbani akafe.

Uwanja ukawa kimya. Na katika kimya hicho nilisikia kwamba hata kutafuna kumekoma.

Maksai alikuwa amesimama, nusu ya shuka inaning'inia kidevuni, masikio yote mawili yameelekea kwenye kiti. Hakwenda kwake. Alisimama tu, akingoja, kama mtu aliyezimiwa redio katikati ya wimbo.

Mzee aliinua kichwa. Akaimba mstari mmoja, chinichini. Masikio yakalegea, taya zikaanza kutafuna. Akanyamaza. Taya zikasimama. Akaimba, zikatafuna. Akanyamaza; zikasimama. Sijui alirudia mara ngapi. Kila mara tabasamu la mzee liliongezeka, mpaka nikaona ana meno mazuri kuliko nilivyodhani.

"Binti, umeona?" akaniita. "Anakula kwa sauti yangu. Nikinyamaza, chakula kinamshinda. Miguu yangu hana habari nayo kabisa, huyu mshenzi!" Akafuta macho kwa kiganja. "Mwambie mganga akate. Mguu achukue. Sauti aniachie."

Nilimwambia Daktari hivyohivyo kwa Kiingereza. Daktari alikwenda akapiga goti mbele ya kiti. "Mwambie shingoni sigusi," akasema. Kisha akasimama na kuwaita wauguzi kwa sauti nyingine kabisa, ya kazi, na kiti kikaondoka mbio.

Aliishi. Alikaa nasi muda mrefu, akajifunza magongo akilalamika kwamba yanatembea kama mbuni. Kabla ya kuondoka alitunga ubeti mpya kuhusu yule mwekundu aliyekwenda hospitali akala kitanda, na ndani yake akamtaja mwanamke mrefu mwenye kelele. Nikamtafsiria Achol. Alisema ni upuuzi mtupu. Nilimsikia akiuimba siku tatu mfululizo akisugua, kwa Kidinka chake.

Hakuna aliyemshangilia mtu. Mkalimani alirudi kutoka mazishini akaendelea na kazi yake. Alinifundisha maneno ya mfupa na ganzi, nami nikamfundisha kuimba, jambo ambalo hakuliweza. Tangu hapo mgonjwa akinyamaza au akisema hapana tu, Daktari Dawit alituma mtu: mwiteni Mama Nakiru aje asikilize. Mara nyingine nilikwenda nikakuta mtu hana la kusema, amechoka tu. Nikamletea maji.

Achol aliondoka miaka mingi baadaye. Jina lake lilitoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishwa, yeye na watoto, kwenda Kanada. Asubuhi ya safari alipita chumba cha kufulia na redio ndani ya khanga, vilevile nilivyomkuta. Vijana, fikirini. Sisi wawili tulikuwa na maneno yote ya Kiingereza ya kumzuia mtu asiende. Tulikuwa nayo kwa mvua, kwa machozi, kwa magoti, kwa masharti. Hakuna aliyetoa hata moja. Nilimwambia, "Mfuko wako haujafungwa vizuri." Akasema, "Funga wewe, una mikono." Nikaufunga. Akaniachia kaseti mbili na kalamu. Siku hizi ananitumia sauti kwenye simu; kule kuna theluji, anafua kwenye hoteli, na anasema mashuka yao ni mazito lakini hayana habari.

Mimi nimerudi Lodwar, niko Kanamkemer kwa mwanangu, nyumba ina wajukuu na mbuzi na kelele. Mwezi uliopita malaria ilinilaza. Tulipofika kwa daktari, mwanangu akaanza kunisemea. Mama haumwi tumbo. Mama hataki sindano. Mama ameshakula. Mke wake akaongeza yake. Na mimi nimekaa hapo katikati, mdomo ninao, Kiingereza ninacho, naangaliwa kama mzigo wa makaa.

Nilipopona niliwakusanya wote barazani, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia nikiwa nimesimama: nikilazwa tena, mtu yeyote wa nyumba hii asinijibie. Aniulize. Nikisema hapana, aniulize kwa nini. Nikigeukia ukuta nikaanza kuimba, vuteni kiti, mkae, mngoje mpaka nimalize.